Unasomea maigizo, utafanya kazi gani?

Kijana wa Sumbawanga akipata nafasi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea sanaa za maonyesho, swali la kwanza nyumbani huwa halihusu sanaa. "Sasa hiyo kazi yake ni ipi?" Mzazi aliyeuza mahindi na maharage ili ipatikane nauli ya safari ya zaidi ya kilomita elfu moja ana haki ya kuuliza. Swali linakuwa gumu zaidi pale mwanafunzi anapotaka kazi inayofanana na masomo yake akiwa bado chuoni. Wenzake wa ualimu wanapangiwa shule za kufundishia. Wa uhasibu wanapokelewa halmashauri. Yeye je?

Historia ya Afrika Mashariki ina jibu, ila jibu lenyewe lina kasoro ambayo hatuisemi sana.

Mwaka 1965, pale Makerere, mwalimu wa fasihi David Cook na wanafunzi wake walianzisha kundi la maonyesho la kusafiri. Likizo ndefu ikifika, wanafunzi walipanda gari na kupeleka michezo mifupi mijini na vijijini, kwa Kiingereza, Kiswahili, Kiganda na lugha nyingine. Hawakungoja ukumbi wenye mapazia, wala hawakutoza kiingilio. Baadaye John Ruganda, mwandishi wa tamthilia aliyesoma Makerere, alihamia Nairobi, na katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kikawa na kundi la aina hiyo.

Dar es Salaam, sanaa za maonyesho zilianza kufundishwa mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Ebrahim Hussein alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo. Mwaka 1969 tamthilia yake ya Kinjeketile ikachapishwa, naye akiwa na umri wa miaka 26 hivi. Hebu fikiria: kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi wa sekondari wamekijibia mtihani kiliandikwa na kijana aliyekuwa bado anaonja chaki ya chuo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, walimu wa idara hiyo, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na tamthilia iliyokwisha andikwa. Walikaa na wanakijiji, wakachunguza nao matatizo yao, wakatengeneza nao onyesho kwa ngoma na nyimbo za pale pale, kisha watu wakajadili walichokiona. Njia hiyo ikapata jina, sanaa za maonyesho kwa maendeleo, na ikafungua aina ya ajira ambayo haikuwepo. Mwaka 1993 Radio Tanzania nayo ikaanza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, kuhusu uzazi wa mpango na Ukimwi. Hapo pia walihitajika waandishi na waigizaji.

Kwa hiyo kazi zilikuwepo. Sasa tujiulize: nani alilipa? Mara nyingi ni chuo, serikali au wafadhili. Hata kitabu muhimu cha Mlama kuhusu njia hii kilichapishwa Uppsala, Sweden, mwaka 1991. Mtazamaji aliyecheka na kulia pale uwanjani hakutoa senti. Nia ilikuwa njema, maana sanaa ilipaswa kumfikia kila mtu. Lakini tulirithi fani inayopendwa na wote na isiyo na bei. Mfadhili akiondoka, mwigizaji anabaki na makofi. Na mwanafunzi akialikwa leo kuigiza kwenye sherehe au semina, anaambiwa "njoo upate uzoefu", wakati anayekodisha spika na viti analipwa siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana naona likizo ya mwanafunzi wa Ufipa inaweza kuanzia mahali pengine. Katika miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Mwingereza, Roy Willis, alikaa Ufipa akisikiliza. Mwaka 1978 akatoa There Was a Certain Man, kitabu kuhusu sanaa ya masimulizi ya Wafipa. Simlaumu, bila yeye huenda tungekuwa tumepoteza mengi. Lakini somo liko wazi: mtu alitoka mbali, akajenga taaluma juu ya kitu ambacho sisi tulikiona ni porojo za bibi jikoni.

Mwanafunzi anayejua Kifipa, anayejua jukwaa na mwenye simu ya kurekodia ana mtaji ambao Willis alilazimika kuutafuta kwa miaka. Anaweza kukaa na wasimulizi wa Milansi au Kate, akaandaa kipindi cha redio, akaongoza kikundi cha shule, akaandika tamthilia ya kwanza ya kwake. Hiyo ni kazi ya fani yake, na haihitaji kusubiri cheti.

Ila aanze kwa kutaja bei. Hata kama ni nauli na chakula tu, iandikwe kwenye karatasi kabla ya mazoezi. Na msimulizi naye apate sehemu yake, jina lake litajwe mwanzoni mwa kipindi. Vijana wa 1965 walitufundisha kulifuata jukwaa liliko. Hawa wa leo wana kazi ngumu zaidi: kumzoesha mtazamaji kwamba anayemchekesha naye anakula.