Barua za Profesa Hornbostel na Nyimbo za Wanyamwezi

Katika kitabu hiki cha jubilei mmekwisha kusoma habari za Mapadre wa kwanza, jinsi walivyotoka Bagamoyo mwaka 1878 kwa miguu, wakapita Ugogo, wakafika Unyanyembe wakiwa wamemzika Padre Pascal njiani. Sisi twataka kuwaeleza habari za mtu ambaye hakupata kuikanyaga njia ile hata siku moja, wala hakuwa mmisionari. Lakini nyimbo za watu wa njia ile zilimfikia Ulaya, naye akazisikiliza kwa bidii kuliko wengi waliokaa karibu nazo. Jina lake ni Erich Moritz von Hornbostel.

Kwanza tuikumbuke njia yenyewe. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, kila kitu kilichokwenda pwani au kutoka pwani kilikwenda juu ya bega la mtu: pembe, vitambaa, shanga, hata vitabu vya Misa. Mzigo ulikuwa kadiri ya farasila mbili, na safari yapata miezi mitatu. Kiranguzi alitangulia, akatoa sauti, na msafara mzima ukamwitikia. Wimbo huo haukuwa mchezo. Ndio uliowaweka watu katika hatua moja, ukawasahaulisha kiu, na kwa wimbo huo mpagazi aliweza kusema juu ya bwana wake maneno asiyothubutu kuyasema kwa kunena.

Hornbostel alizaliwa Vienna tarehe 25 Februari 1877, katika nyumba ya muziki. Mama yake, Helene Magnus, alikuwa mwimbaji mwenye sifa, na Brahms, mtunzi mkubwa, alikuwa rafiki wa nyumba ile. Kijana akafundishwa utunzi na Mandyczewski, akapiga piano vizuri, akatunga mwenyewe. Walakini alipokwenda chuo kikuu alisomea kemia, akapata udaktari mwaka 1900. Kisha akaenda Berlin kwa Profesa Carl Stumpf, aliyechunguza jinsi sikio la mtu linavyopokea sauti. Mwaka ule ule wa 1900 Stumpf alikuwa ameanza kuweka akiba ya sauti zilizonaswa kwa fonografu, na baada ya miaka michache akiba hiyo ikatiwa mikononi mwa Hornbostel.

Hapo ndipo barua zilipoanza. Wasafiri, madaktari, maofisa na wamisionari waliokwenda nchi za mbali waliandikiwa na Berlin, wakaazimwa fonografu na miviringo ya nta, tena wakapewa maagizo. Agizo moja latupendeza sana. Kabla ya mwimbaji kuanza, msafiri apulize filimbi ndogo yenye sauti moja isiyobadilika, inaswe pamoja na wimbo. Kwa nini? Mashine ile iliweza kuzunguka mbio au polepole, na wimbo ukapanda au kushuka kwa uongo. Lakini Hornbostel akiisikia filimbi Berlin, aliirekebisha mashine mpaka filimbi iseme kweli, na hapo wimbo nao ukasema kweli. Akatakiwa pia aandike ni nani aliyeimba, wapi, na kwa kazi gani. Nta ilibeba dakika mbili tatu tu, nayo ililainika kwa joto, ikapata ukungu, ikavunjika melini. Iliyofika salama ilifanyiwa kalibu ya shaba, na kwa kalibu hiyo nakala zikatolewa.

Mwaka 1909 Hornbostel alitoa makala ndefu juu ya nyimbo za Wanyamwezi katika gazeti liitwalo Anthropos. Gazeti hilo lilianzishwa mwaka 1906 na padre, Wilhelm Schmidt, ili wamisionari wapate mahali pa kuandika mambo ya watu waliokaa nao. Nyimbo za babu zetu zikaandikwa kwa noti, zikapimwa na kupigwa chapa, wakati ambapo wengi walioishi Tabora waliziita kelele. Twamshukuru kwa hayo. Lakini jina lililo juu ya makala ni la profesa, si la waliobeba mizigo na nyimbo pamoja, nalo hilo twalisema bila kuona haya.

Katika Vita Kuu ya kwanza alitumia elimu yake ya sikio kutengeneza, pamoja na mwenziwe Max Wertheimer, chombo cha kutambua sauti ya mzinga yatoka upande gani. Ndiyo vita iliyowaleta Wabelgiji Tabora Septemba 1916.

Maandiko yake yanayotuhusu zaidi sisi walimu ni yale ya mwaka 1928, katika gazeti la Africa la London. Alisema muziki wetu una mambo matatu makubwa: kuimba kwa kuitikiana, kuimba kwa sauti nyingi pamoja, na mapigo yaliyokomaa. Mzungu, alisema, huanzia katika kusikia, Mwafrika huanzia katika mwendo. Mtazameni mama anayetwanga: kuinua mchi, ingawa hakuna mlio, nako ni sehemu ya pigo. Kisha akawaambia wamisionari neno gumu: muziki wa Ulaya na wa Afrika umejengwa juu ya misingi mbalimbali, hauwezi kuchanganywa ukawa mmoja, chagueni huu au ule.

Tuliposoma maneno hayo tulijiona wenyewe. Katika ujana wetu tulifundisha wimbo wa Kinyamwezi kwa sauti iliyotoka ng'ambo. Watoto wakaimba sawasawa kama tulivyowaagiza, na wazee waliokaa nyuma wakainamisha vichwa wakicheka. Kinyamwezi ni lugha ya kupanda na kushuka. Sauti ikipandishwa mahali pa kushuka, neno laharibika au lageuka neno jingine. Sisi tuliijua lugha tangu ziwani mwa mama, lakini tulipoishika karatasi ya noti tuliisahau.

Hata hivyo hatumfuati katika yote. Mwaka 1955 John Blacking alionyesha kwamba fundisho lake la mwendo halitoshi kueleza mapigo yote ya Afrika. Na juu ya kuchanganya, kwaya zetu zimekwisha kuchanganya bila kumwomba ruhusa, pengine vibaya, pengine vizuri mno. Kanisa nalo lilisema. Papa Pius XII aliandika juu ya muziki mtakatifu mwaka 1955, na Mtaguso wa Vatikano mwaka 1963 ukaagiza muziki wa mataifa upewe heshima yake katika ibada. Mwaka ule ule wa 1963 Padre Stephen Mbunga, mwana wa nchi yetu, alitoa kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu.

Hornbostel hakuyaona hayo. Mwaka 1933 watawala wapya wa Ujerumani walimwondoa kazini kwa sababu mama yake alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi. Akavuka kwenda New York kufundisha, kisha Uingereza, akafa Cambridge tarehe 28 Novemba 1935, mwenye umri wa miaka 58. Miviringo aliyoikusanya ilibaki Berlin. Wakati wa vita ya pili sehemu kubwa ilifichwa Silesia, Warusi wakaichukua mpaka Leningrad, baadaye ikarudishwa Berlin ya mashariki, na mwaka 1991 ikarudi katika nyumba yake ya zamani. Mwaka 1999 UNESCO iliiandika katika orodha ya kumbukumbu za dunia.

Tulipomsimulia habari hizi mzee mmoja wa parokia yetu, ambaye babu yake alibeba mizigo mpaka Bagamoyo, alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kama nta ile yaweza kuimba bado. Tukamjibu kwamba nakala zake zaweza. Akaondoka akiimba kwa sauti ndogo wimbo tusioujua, nasi hatukuwa na kalamu.