Taa Ndani ya Kasha

Mashine ya kukokotoa iliyoutangazia ulimwengu zama za kompyuta ilipambwa kabla ya kuonyeshwa. Ilikuwa Februari 1946, mjini Philadelphia, Marekani, na mashine yenyewe ni ENIAC, yenye vali zipatazo 18,000 na uzito wa tani 30 hivi. Kwenye makabati yake palikuwa na vitaa vya neoni vilivyoonyesha tarakimu zilizohifadhiwa ndani, na mwendeshaji aliyevizoea alivisoma kama karani asomavyo daftari lake. Lakini waandishi wa habari walikuwa wanakuja, na vitaa vile vilikuwa vidogo mno kwa macho ya mgeni. Wahandisi wakachukua mipira ya tenisi ya mezani, wakaikata nusu kwa nusu, wakaandika tarakimu juu yake na kuvifunika vitaa. Tangu hapo mtu wa kawaida akiifikiria kompyuta hufikiria taa zinazomemeteka, na wacheza sinema hawakuchoka kumwonyesha hizo hizo.

Ninalitanguliza jambo hili kwa sababu wako wenzangu wa makamo wanaowacheka vijana watiao taa za bluu, zambarau na kijani ndani ya kompyuta zao, wakisema huo ni utoto wa siku hizi. Kama ni utoto, basi ni mkongwe kuliko wengi wetu. Ila tazama vizuri, msomaji: zile nusu za mipira zilikuwa pambo, lakini tarakimu zilizong'aa chini yake zilikuwa za kweli. Pambo na ukweli vilikaa pamoja. Baadaye viliachana, na huko kuachana ndiko kunakonishughulisha.

Kwa muda mrefu taa ilikuwa ulimi wa mashine. Hata Altair 8800, kompyuta ndogo iliyotangazwa Januari 1975 katika gazeti la mafundi wa elektroniki la Marekani, ilimfikia mnunuzi bila kibodi wala skrini. Ilikuwa na safu za swichi na vitaa vyekundu tu. Mtu aliingiza programu kwa kupandisha na kushusha swichi, akalisoma jibu katika taa: iliyowaka ni moja, iliyozimika ni sifuri. Kazi ya kuchosha, naam, lakini mwenye mashine alijua kinachopita ndani yake.

Kisha kasha likafungwa. Kompyuta ya IBM ya Agosti 1981, na maelfu ya nakala zilizoiiga, zilikuwa masanduku ya rangi ya mchanga, mengi yakiwa na kitaa kimoja au viwili tu. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 masanduku mengi yalikuwa yameongezewa kidirisha cha tarakimu za kutaja mwendo: 33, 66. Ofisini kwetu ilikuwako moja. Fundi alipokuja kuifuta vumbi nilimwona akihamisha vibanio vidogo nyuma ya kile kidirisha, na kompyuta ya 66 ikajitangaza kuwa 99, bila kuongeza mwendo hata chembe. Tarakimu zile hazikupima kitu. Aliyeliunda sanduku ndiye aliyeziandika. Fundi alicheka, nami nikacheka, lakini wakubwa waliopita mlangoni waliendelea kuisifu kwa miezi.

Katika miaka hiyo hiyo ya giza palikuwa na mashine moja iliyokwenda kinyume. Kampuni ya Thinking Machines ya jimbo la Massachusetts ilitoa mwaka 1987 kompyuta iitwayo CM-2, mche mweusi wenye upana wa kama mita moja na nusu kila upande, ndani yake prosesa ndogo 65,536. Kila kikundi cha prosesa 16 kilikaa katika chipu moja, na kila chipu ilikuwa na taa yake nyekundu. Tamiko Thiel, aliyeongoza usanifu wa umbo lake, alitaka mtazamaji aione kazi inavyogawanywa kwa maelfu. Mafundi nao walizitumia taa hizo kutambua palipoharibika. Mdogo wake, CM-5 ya 1991, ilionekana katika filamu ya Jurassic Park ya 1993. Na huyo tayari aliweza kuamriwa awashe taa ovyoovyo ili apendeze tu. Mwaka 1994 kampuni ikafilisika.

Vijana walipolifungua tena kasha hawakufuata urembo kwanza. Walifuata baridi. Mwaka 1998 Intel iliuza prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A, ya megahezi 300, nayo ikagundulika kwamba nyingi zake zilistahimili kuendeshwa kwa 450. Mwendo huzaa joto. Wakalitoboa bati kwa msumeno ili waongeze feni, na aliyekwisha kutoboa tundu la feni haoni shida kukata dirisha na kubandika plastiki angavu. Ndani ni giza, basi tia taa. Wengi walitumia mirija myembamba ya katodi baridi, yenye kifaa cha kuigeuza volti 12 kuwa mamia ya volti.

Wengine walitumia diodi, na hapo walikuwa na bahati ya wakati. Diodi nyekundu ilikuwako tangu 1962, kazi ya Nick Holonyak. Ya bluu yenye nguvu iliwasumbua wataalamu miaka thelathini, kwa kuwa fuwele za galiamu naitraidi zilikataa kuota vema, hadi Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia, Japani, alipoifikisha sokoni mwaka 1993. Yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Waya wa njano wa volti 12, waya mweusi, rezista ya omu 470, diodi moja: hayo ndiyo yote. Kijana aliyeifanya hesabu hiyo alijifunza sheria ya Ohm kwa mkono wake, na dhamana ya kiwandani aliitupa kwa hiari. Kasha lilikuwa lake. Mbele ya wenzake, katika ukumbi uliozimwa taa ambako mamia walikusanyika kucheza Quake, lilijulikana hivyo. Aliyewahi kupanda matatu za Nairobi hahitaji kuelezwa zaidi.

Viwanda vilinusa biashara upesi. Miaka ya 2000 makasha yenye madirisha yaliuzwa tayari, na kuanzia 2014 kibodi za rangi mamilioni zikaenea, zikifuatwa na feni, hata vibao vya kumbukumbu. Leo taa hizo hutawaliwa na programu ya mtengenezaji, ambayo nayo hula sehemu ya nguvu za prosesa ile ile inayoipamba. Msumeno umewekwa kando, na sheria ya Ohm pamoja nao. Hili ndilo ninalolihuzunikia, wala si rangi.

Lakini programu nyingi za aina hiyo zina chaguo moja ambalo wanunuzi wengi hulipita: kuifungamanisha rangi na joto la prosesa. Mashine ikiwa imetulia taa ni bluu, ikifanya kazi huwa ya kijani, ikizidiwa hugeuka nyekundu. Mpwa wangu ameiweka yake hivyo. Juzi, akiwa ameiacha ikichambua picha zake usiku kucha, alipita sebuleni, akautazama wekundu ule, akatoa feni ya mbele na kuupiga vumbi kwa brashi.