Shina la Ngozi: Nasaba ya Istilahi Moja

Kila istilahi ina nasaba yake, na yafaa nasaba hiyo ichunguzwe kabla neno halijaingia katika vitabu vya shule na karatasi za hospitali. Katika makala haya tunakusudia kuitazama istilahi "seli shina", ambayo imekwisha kuenea lakini ingali ikishindana na "seli mama". Tumechagua kuitazama kwa njia ya ngozi ya mwanadamu, kwa kuwa hapo ndipo maana yake ilipopata kupimwa kwa uhai wa watu.

Ngozi ya nje haikai kama ilivyo. Kila aogaye kwa dodoki huona nongo zikimtoka, na sehemu ya nongo hizo ni seli zilizokufa. Nyoka hujivua gamba zima kwa mara moja. Sisi hujivua kidogo kidogo kila siku, na kwa muda wa mwezi mmoja hivi au zaidi tabaka lote la nje huwa limebadilishwa. Basi hapana budi pawepo, chini ya tabaka hilo, seli zizaazo bila ya kukoma. Je, seli za namna hiyo zilipataje jina?

Mwaka 1665 Robert Hooke wa Uingereza alitazama gamba la mti kwa hadubini, akaona vijumba vitupu, akaviita kwa neno lenye asili ya Kilatini, maana yake chumba kidogo. Neno hilo ndilo lililotufikia kwa umbo la "seli". Baadaye, katika miaka ya 1850, Rudolf Virchow wa Ujerumani alishikilia kuwa kila seli hutoka katika seli nyingine. Hapo seli ikawa na wazazi, na neno la nyumba likaanza kuhitaji wenzake wa ukoo.

Mwenzake mmoja aliletwa na Mjerumani mwingine, Ernst Haeckel, mwaka 1868. Yeye aliandika "Stammzelle" akikusudia kiumbe cha seli moja alichokidhani kuwa babu wa viumbe vyote. Neno "Stamm" katika Kijerumani ni shina la mti, na pia ni kabila au ukoo. Kiswahili hakikupungukiwa hapa, kwani nasi husema shina la mti, shina la neno na shina la ugomvi, na katika Tanzania tangu miaka ya 1960 shina limekuwa pia jina la kundi la nyumba kumi katika chama. Katika matumizi yote hayo shina ni mahali penye kubeba na kuanzisha. Mkulima wa migomba analijua jambo hili vyema: mgomba uliokwisha kuzaa hukatwa, lakini shina lililo ardhini hutoa chipukizi jingine.

Maana ya leo, hata hivyo, haikuthibitishwa kwa ngozi bali kwa damu. Mwaka 1961, huko Toronto, James Till na Ernest McCulloch waliwapiga panya mionzi, wakawatia uboho wa panya wengine, wakaona vinundu vikiota katika bandama zao. Kazi zilizofuata zilionyesha kuwa kinundu kimoja huweza kutokana na seli moja. Tangu hapo seli shina ikapewa masharti mawili: ijizae yenyewe, na izae seli za kazi nyingine.

Zamu ya ngozi ilifika mwaka 1975, James Rheinwald na Howard Green walipofaulu, nchini Marekani, kuzikuza seli za ngozi ya nje ya mwanadamu katika vyombo vya maabara. Mwaka 1983 watoto wawili ndugu, walioungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili, walifunikwa huko Boston kwa ngozi iliyokuzwa kutokana na vipande vidogo vya ngozi yao wenyewe, nao wakapona.

Lakini si kila seli izaayo ni shina. Mwaka 1987 Yann Barrandon na Green walitenga aina tatu za uzao wa seli za ngozi. Aina ya kwanza huzaa kwa muda mrefu sana. Ya tatu hufika ukomo baada ya vizazi visivyozidi 15. Ya pili i katikati. Majina yao ya Kigiriki yana maana ya zima, sehemu na kando. Sisi hatupendi kuyatafsiri neno kwa neno, kwa kuwa "uzao wa kando" utamkumbusha msomaji mtoto wa nje ya ndoa. Tunapendekeza "uzao dumifu", "uzao wa kati" na "uzao wa kikomo".

Tofauti hii si ya kamusi tu. Mwaka 2015, huko Bochum, Ujerumani, mtoto mwenye ugonjwa wa kurithi uliomchuna ngozi alibadilishiwa kiasi cha asilimia 80 ya ngozi ya nje, kwa seli zake zilizorekebishwa jeni na kikundi cha Michele De Luca wa Italia. Taarifa ya mwaka 2017 ilionyesha kuwa ngozi hiyo ilisimama juu ya seli chache za uzao dumifu. Zile nyingine zilitoweka. Kama dumifu zingekosekana, ngozi yote ingalipukutika.

Kwa sababu hiyo twaona "seli mama" haifai kwa maana hii. Kila seli inayogawanyika ni mama wa zile mbili zinazotokana nayo, hata ile ya uzao wa kikomo. Jina hilo libaki hapo. Mzazi aelezwaye na daktari habari ya ngozi ya mwanawe anastahili neno linalotenganisha seli ya kupita na seli ya kudumu. Mama ni wengi katika ngozi. Mashina ni machache.