Uwanja wa Kanisa na Maji Yaliyokuwa Chini Yake

Wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walianzisha vituo vyao vya kwanza juu mlimani, ambako udongo wa volkano hunywa maji upesi. Usharika huu haukujaliwa kiwanja cha namna hiyo. Kanisa lake lilijengwa tambarare, penye mfinyanzi mweusi ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa na wakati wa masika huvimba na kushika maji kwa juma zima. Vizazi vya Wakristo vilifika ibadani vikiwa vimeshika viatu mkononi.

Tope hilo halikuwa udhia mdogo. Siku ya mavuno, mazao ya mnada yalitandazwa juu ya maturubai yaliyodidimia. Siku za mazishi, wachukuzi wa jeneza walipapasa njia kwa miguu, na mara moja jeneza la mama mmoja liliponea chupuchupu kuanguka mbele ya wanawe. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilifikisha maji hadi mlangoni.

Ndipo Baraza la Wazee lilipoazimia kutandaza uwanjani vitofali vya saruji, ambavyo wengi huviita pevingi. Wako waliotaka fedha hizo ziende kwenye paa, na hoja yao haikuwa ya kupuuzwa. Hata hivyo, sadaka zilikusanywa, akina mama wakauza maandazi, na kazi ikafanyika kwa haraka: majani yalikwanguliwa, mchanga mwembamba ukamwagwa juu ya mfinyanzi, vitofali vikapangwa. Uwanja ulipendeza sana. Masika ya kwanza yalipokuja, maji yalijaa ndani ya mchanga yakakosa pa kutokea. Gari la mazishi lilipopita, vitofali vilizama kwa kufuata magurudumu, na tope likachomoza katika maungio. Lawama zikaanza. Mjane mmoja aliyetoa kuku wake alitaka kuambiwa kuku huyo amezama wapi.

Aliyeutegua mtego huo alikuwa mzee aliyewahi kusimamia mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba. Aliwaonyesha wazee magugu ya majimaji yaliyobaki kijani katikati ya kiangazi, upande wa juu wa kanisa. Maji hayakuwa ya mvua peke yake. Yalijipenyeza chini kwa chini kutoka mteremkoni.

Vitofali viling'olewa vyote, na vilivyo vizima vikahifadhiwa. Hiyo ndiyo fadhila yake juu ya sakafu ya zege: Waholanzi, ambao sehemu kubwa ya nchi yao ni ardhi laini, walivipokea kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa kuwa palipozama huinuliwa na kupangwa upya. Kwa msaragambo ulichimbwa mtaro upande wa juu, likalazwa bomba lenye matundu ndani ya kokoto, na maji yakaelekezwa korongoni. Tope la uwanjani liliondolewa kwa kina cha sentimita 30. Kikatandikwa kitambaa cha kuchujia ili mfinyanzi usipande, kisha mawe na moramu, tabaka kwa tabaka, kila moja likishindiliwa kabla ya jingine kuwekwa. Kingo za zege zilitangulia. Mchanga safari hii ulikuwa wa mtoni, wenye chembe kubwa, unene wa sentimita 4. Uwanja wote uliinamishwa sentimita 2.5 kwa kila mita, kuliacha jengo. Njia ya magari ilipewa vitofali vya sentimita 8, na ya miguu vile vya zamani vya sentimita 6.

Sehemu kubwa ya fedha za mara ya pili ilifukiwa mahali pasipoonekana, na wazee walilazimika kulieleza jambo hilo ibadani zaidi ya Jumapili moja.

Bomba lingali likitoa maji korongoni hata kiangazi, na akina mama huyateka kwa ajili ya maua ya madhabahuni. Pembe iliyo karibu na mnara wa kengele bado hudidimia. Kila masika yakiisha, vijana huinua vitofali vyake, huongeza mchanga na kuvirudisha.