Kutoka Tura hadi Maendeleo Endelevu: Historia ya Vivumishi vya -vu na -fu katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya vivumishi vya Kiswahili vinavyoishia na -vu au -fu, ambavyo baadhi yake sasa ni adimu au vimebaki kamusini tu. Yakianzia katika jina la Tura, kituo cha kale cha misafara mkoani Tabora, yanadai kuwa kudhoofika kwa uundaji huo kulitokana na mabadiliko ya ndani ya Kiswahili cha pwani, wala si kusambaa kwa lugha hiyo bara. Yanaonyesha pia kuwa kiambishi kinachodhaniwa kufa bado kinaunda maneno.

1.0 Utangulizi

Msafara uliotoka pwani kwenda Unyanyembe katika karne ya 19 ulivuka Ugogo, kisha ukakabiliana na nyika iliyoitwa Mgunda Mkali. Ng'ambo ya nyika hiyo ilikuwapo Tura, mlango wa mashariki wa Unyamwezi, ambayo leo ni kata katika Wilaya ya Uyui. Richard Burton, aliyepita hapo pamoja na John Speke mwaka 1857, alieleza katika kitabu chake cha 1860 kuwa jina hilo ni amri kwa mpagazi: weka mzigo chini.

Njia hiyo ilikuwa pia njia ya lugha. Kiswahili kilifika Tabora mabegani mwa wapagazi na vinywani mwa wafanyabiashara, muda mrefu kabla ya reli kufika huko mwaka 1912. Kwa sababu hiyo kumejengeka mazoea ya kuiona njia ya misafara kuwa mahali ambapo Kiswahili kilipukutisha utajiri wake: pwani ina lugha kamili, bara ina lugha iliyopunguzwa. Vivumishi vya -vu na -fu hutajwa kwa urahisi miongoni mwa hasara hizo. Makala haya yanapinga maelezo hayo.

2.0 Tura, tua na tulivu

Kitenzi cha Kiswahili chenye maana ya kuweka mzigo chini ni tua. Mzizi wake unapatikana katika lugha nyingine za Kibantu ukiwa na l mwishoni. Katika Kiganda, kwa mfano, kutuula ni kukaa kitako. Jina la Tura, kama lilivyofafanuliwa na Burton, linaangukia katika kundi hilo, kwa kuwa kubadilishana kwa r na l ni jambo la kawaida katika maandishi ya wasafiri wa wakati ule. Hata kama ufafanuzi huo ni wa kimapokeo tu, hoja ya kifonolojia inayofuata haiutegemei.

Kiswahili kilidondosha l hiyo baina ya irabu, lakini hakikuipoteza kabisa. Katika kauli ya kutendea inajitokeza tena: tua huzaa tulia, kama kaa inavyozaa kalia na chagua inavyozaa chagulia. Aliyetua ametulia, maana ya kimwili imekuwa maana ya hali ya moyo.

Kutokana na tulia kimeundwa kivumishi -tulivu. Kiambishi cha kale cha uundaji huo kilikuwa -u, yenye irabu ya juu kabisa katika mfumo wa irabu saba wa Mame-Bantu. Mabadiliko ya konsonanti mbele ya irabu za aina hiyo ni miongoni mwa mambo yaliyofafanuliwa na Carl Meinhof katika kitabu chake cha fonolojia linganishi cha 1899. Mbele ya irabu hiyo, l iligeuka v na k ikageuka f. Kwa hiyo umbo la awali *tul-il-u lilizaa -tulivu. Katika kitenzi l ya pili ilidondoka; katika kivumishi iligeuka v, na hivyo ikasalimika.

Kanuni hiyo inaeleza jozi nyingi: sikia na -sikivu, potea na -potevu, legea na -legevu, nyamaa na -nyamavu, chakaa na -chakavu. Kwa upande wa k, inaeleza punguka na -pungufu, kunjuka na -kunjufu, tukuka na -tukufu. Kila v ya kundi la kwanza ni alama ya konsonanti ambayo kitenzi chake hakinayo tena.

3.0 Matabaka matatu

Vivumishi hivi havina umri mmoja. Tabaka la kwanza ni la maneno ambayo uhusiano wake na kitenzi umefifia au umesahaulika: -kavu kando ya kauka, -bivu kando ya iva, -ovu kando ya oza. Msemaji wa kawaida huyachukua kama mizizi isiyogawanyika, na kwa sababu hiyo hayamo hatarini.

Tabaka la pili ni lile la -tulivu na -nyamavu. Kitenzi kinaonekana, lakini njia ya kutoka kwake hadi kwenye kivumishi haionekani, kwa kuwa l imetoweka. Hapa ndipo penye maneno mengi adimu. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939, iliyojengwa juu ya kamusi ya Madan ya 1903, ina maneno kama -nyamavu, -tepetevu na -elekevu, ambayo wanafunzi wengi wa leo hukutana nayo kamusini kabla ya kuyasikia.

Tabaka la tatu ni la maneno yaliyopokea -ifu kama kipande kizima, bila konsonanti ya mzizi kubadilika: -danganyifu, -angalifu, -vunjifu. Muhimu zaidi, tabaka hili lilipokea mizizi ya Kiarabu: -tiifu, -aminifu, -haribifu, -sahaulifu, -badhirifu. Mizizi hiyo haikuwamo katika lugha wakati kanuni ya zamani ilipofanya kazi. Wasemaji walikwisha kuacha kuihisi kanuni, wakachukua umbo lililotokana nayo na kulitumia upya.

4.0 Lawama iliyoangukia bara

Matabaka hayo yanatoa ushahidi wa mpangilio wa matukio. Udondoshaji wa l ni sifa ya Kiunguja na ya lahaja za kaskazini pia, kama Kimvita na Kiamu; kwa hiyo ni wa kale kuliko misafara ya kwenda Unyanyembe. Maneno ya Kiarabu nayo yaliingia kupitia pwani. Kwa maneno mengine, uhusiano wa sikia na -sikivu ulikatika pwani, na -ifu ilizaliwa upya pwani. Mpagazi aliyejifunza Kiswahili njiani alikuta mlango tayari umefungwa.

Ushindani nao ulikuwa wa ndani. Vivumishi visivyobadilika vyenye asili ya Kiarabu, kama hodari, safi na rahisi, havikuhitaji uambishaji wowote. Miundo ya -enye na ya -a unganifu ilitoa njia iliyo wazi zaidi: mwenye uvumilivu badala ya mvumilivu, maneno ya kuudhi badala ya kivumishi kimoja. Miundo hiyo imo katika Kiunguja, lahaja iliyofanywa msingi wa usanifishaji uliosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki tangu 1930. Haikuletwa kutoka Tabora.

5.0 Kutoweka na kurudi

Kivumishi kinapodhoofika, nomino yake ya u- mara nyingi husalia. Polisi huzungumzia uvunjifu wa amani, lakini ni nadra kumwita mtu mvunjifu. Wakaguzi huandika kuhusu upotevu wa fedha, ilhali -potevu limebaki hasa katika msemo wa mwana mpotevu. Kila mtu anaujua uchovu, neno ambalo v yake haifuati kanuni ya k iliyotajwa; lakini aliyechoka husemwa amechoka, si mchovu. Hata hivyo, katika lugha ya vijana wa mijini nchini Tanzania neno mchovu limerudi kwa maana ya mtu au kitu hafifu.

Ushahidi mkubwa zaidi ni -endelevu. Katika maana yake ya sasa, neno hili limeenea pamoja na dhana ya maendeleo endelevu, hasa baada ya Umoja wa Mataifa kupitisha malengo yake mwaka 2015. Umbo lake halifuati tabaka la tatu, bali la pili: endelea na -endelevu, sawasawa na potea na -potevu. Dhana mpya ya kiuchumi imevikwa v ya zamani, na wasemaji wameipokea bila kuhisi ugeni wowote.

6.0 Hitimisho

Mtunga kamusi anayeandika "la kale" mbele ya -nyamavu anaeleza kwa usahihi matumizi ya neno hilo. Anakosea iwapo anadhani ameeleza pia hali ya kiambishi chake. Neno moja laweza kuzeeka ilhali njia iliyoliunda ingali inapitika. -Endelevu ni shahidi. Wanaounda istilahi, ambao mara nyingi hukimbilia miundo mirefu ya -enye, wana hapa nyenzo fupi ambayo masikio ya wasemaji yameizoea.

Historia ya lugha bara nayo inastahili kusomwa upya. Katika njia ya misafara, Tura palikuwa mahali pa kutua mizigo na kupumzika kabla ya kuendelea. Hakuna ushahidi kwamba vivumishi vya -vu viliachwa hapo.