Mkunazini, Chini ya Sakafu

Uliza katika bustani ya Forodhani kwa nini Mji Mkongwe wa Zanzibar unalindwa, utajibiwa upesi: watalii. Mwaka 2000 uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia, na biashara ikafuata. Lakini tarehe zinalikataa jibu hilo. Sheria ya kuuhifadhi ilitungwa 1994, na chombo cha kuusimamia kilianza 1985, utalii ukiwa bado mchanga. Waliotangulia kuulinda walikuwa wakikimbilia kuokoa nini?

Nikarudi nyuma hadi amri ya 1927 ya kulinda majengo ya kale. Hapo njia ikakatika, maana amri haizibi paa linalovuja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitwaliwa na serikali zikajaa wapangaji, na paa likakosa mwenyewe. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu hubebwa na boriti za mikoko. Maji yakipenya, chokaa hulegea, boriti huoza, na ghorofa hushuka. Saruji ya viraka huongeza balaa, kwani hufungia unyevu ndani ya ukuta. Miaka ya 1980 nyumba zilikuwa zikianguka. Je, hofu ya kuangukiwa inatosha kueleza yote?

Mtaa wa Mkunazini unanizuia kukubali. Soko lake la watumwa lilifungwa 1873, na kanisa kuu likajengwa mahali hapo hapo. Jirani yake wageni huteremshwa katika vyumba finyu vya chini, wakaambiwa mateka walifungiwa humo. Wapo wanahistoria wanaopinga: jengo lililo juu, wanasema, lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa. Soko lenyewe halina ubishi, wala mateso yake. Ubishi ni wa chumba. Kwa hiyo kinacholindwa ni ukuta, au simulizi iliyotundikwa juu yake?

Mimi naegemea kwa wenye shaka, ila nisingependa jiwe hata moja liondolewe. Ukuta ukiwapo, simulizi yaweza kuhojiwa: fundi atapima chokaa, atatazama msingi, atalinganisha na ramani. Ukianguka, kila msimuliaji ni mshindi. Beit al-Ajaib, jumba la sultani lililojengwa 1883, ilinusurika mizinga ya Waingereza ya 1896. Desemba 25, 2020 sehemu yake kubwa ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wakafa. Yaweza kujengwa upya kwa picha na michoro, lakini mtafiti wa kesho atakwaruza chokaa ipi?

Na hapo nafika Darajani, penye mpaka wa Mji Mkongwe. Ng'ambo yake waliishi wachukuzi, wavuvi, mafundi na waimbaji wa taarab, katika nyumba za miti na udongo. Mji uliosajiliwa unaishia huku, upande wa mawe. Kama hoja ni ushahidi, nani aliamua kwamba udongo hauna la kushuhudia?