Arifa: saa 24 za kuijulisha dunia

Machi 2022 wahudumu wa afya walipita nyumba kwa nyumba katika mikoa ya Njombe, Mbeya, Songwe na Ruvuma, wakiwapa watoto wa chini ya miaka mitano matone ya chanjo ya polio. Tanzania ilikuwa haijapata mgonjwa wa virusi vya asili vya polio tangu 1996. Mgonjwa aliyesababisha kampeni hiyo alikuwa mtoto mmoja wa Lilongwe nchini Malawi, na nchi hiyo ilitangaza mlipuko tarehe 17 Februari. Kata ya Lupingu, wilayani Ludewa mkoani Njombe, iko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na ng'ambo ni Malawi. Kwa kata kama hiyo, habari ya Lilongwe ni habari ya jirani.

Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007, zinaitaka kila nchi iwe na ofisi ya kuwasiliana na Shirika la Afya Duniani usiku na mchana. Tukio likizuka, nchi hujiuliza: je, madhara yake ni makubwa? Si la kawaida? Laweza kuvuka mpaka? Laweza kufanya safari au biashara ziwekewe vikwazo? Majibu mawili ya ndiyo yanatosha. Baada ya tathmini hiyo nchi ina saa 24 tu za kulijulisha shirika hilo. Kwa ndui, polio ya virusi vya asili, SARS na mafua ya aina mpya kwa binadamu, mgonjwa mmoja anatosha.

Wajibu huo tumezoea kuuita "kutoa taarifa". Mimi naona neno hilo limebebeshwa mno. Taarifa ni ya habari redioni, ni ya mapato na matumizi ya kijiji, ni ya polisi. Kanuni zenyewe zinatenganisha mambo: nchi yaweza kuomba ushauri ikiwa bado ina shaka, na shirika likisikia tetesi kwingine laweza kuitaka nchi izithibitishe. Kwa mfano, tarehe 14 Januari 2025 shirika hilo lilitangaza kuwa kuna watu wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa wa virusi vya Marburg mkoani Kagera. Wizara ya Afya ikasema vipimo havikuonyesha virusi. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan akathibitisha ugonjwa, Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akiwa naye Dodoma. Ukiyaita yote hayo taarifa, msomaji hatajua nani alisema kwa wajibu, na nani alikuwa akijibu tetesi.

Napendekeza *arifa*, na kitenzi chake *kuarifu*. Neno lipo, limo hata kwenye simu zetu, na lina anayearifu na anayearifiwa. Taarifa ibaki kwa maelezo yanayofuata: idadi ya wagonjwa, vipimo, hatua zilizochukuliwa.

Lakini saa 24 za Dodoma hazianzi kuhesabiwa kama zahanati haijajua. Ukiona mtoto wa chini ya miaka 15 amelegea mguu au mkono ghafla, huenda ni polio: mpeleke zahanati siku hiyohiyo, au piga 199, bure.